Taurini ya kapsuli na ya unga: namna ya kuamua kama unaihitaji, na namna ya kuitumia bila kujidhuru

Anayetaka kuanza kutumia taurini, kirutubisho-nyongeza kinachouzwa kwa kapsuli au unga, anapaswa kuandika mambo mawili kwenye karatasi kabla ya kwenda dukani: anataka imsaidie nini hasa, na atatumia kipimo gani kujua kama imemsaidia. Mtu anayeandika kwamba anataka kushusha shinikizo la damu lililopanda kidogo ana jambo linaloweza kupimwa nyumbani, na upo ushahidi wa kumpa matumaini ya kiasi. Anayeandika kwamba anataka nguvu, ujana au uchangamfu hana cha kupima, na huyo ndiye anayeendelea kununua kopo baada ya kopo kwa miaka bila kujua kama kuna lolote lililobadilika. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mzima ambaye kwa ujumla ana afya njema. Wale ambao hawapaswi kuigusa taurini bila idhini ya daktari wametajwa mbele, na ni vema wasome sehemu hiyo kabla ya nyingine zote.

Taurini mwilini na kwenye chakula

Taurini ni asidi yenye salfa ambayo huhesabiwa pamoja na asidi amino, ingawa tofauti na nyingine mwili hauitumii kujengea protini. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1827 na wanasayansi wawili wa Ujerumani, Friedrich Tiedemann na Leopold Gmelin, kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe. Hadithi zinazosema kwamba taurini ya dukani hukamuliwa kutoka kwenye viungo vya uzazi vya fahali hazina ukweli wowote, kwa kuwa inayouzwa leo hutengenezwa viwandani kwa kemikali. Mwilini hupatikana kwa wingi kwenye moyo, misuli, ubongo na retina ya jicho, na ini huiunganisha na asidi za nyongo ili mafuta ya chakula yaweze kumeng'enywa. Husaidia pia seli kudhibiti kiasi cha maji na mwenendo wa kalisi, na hii ndiyo sababu moyo na mishipa ya damu hutajwa kila inapozungumzwa.

Ini la mtu mzima hutengeneza taurini lenyewe kutokana na asidi amino mbili, sisteini na methionini, kwa msaada wa vitamini B6, na kiasi kingine huingia kwa chakula. Mlo wa kawaida wenye nyama au samaki huleta takribani miligramu 40 hadi 400 kwa siku. Vyakula vya baharini vinaongoza: kome, chaza, ngisi na pweza huwa na mamia ya miligramu katika kila gramu 100. Kwa kuku tofauti ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana nyama nyeusi ya paja ina takribani miligramu 170 kwa gramu 100, ilhali kidari hakifiki 20. Nyama ya ng'ombe ina kama 40, maziwa yana kidogo sana, na nafaka, maharage na mboga karibu hazina kabisa. Kwa kuwa taurini huyeyuka kwenye maji, sehemu yake nzuri hutoka kwenye nyama wakati wa kuchemsha na kubaki kwenye mchuzi. Wauzaji wa supu ya pweza katika miji ya pwani, kwa hiyo, wanauza kinywaji chenye taurini ya kutosha, japo ahadi zao kuhusu nguvu za kiume ni jambo jingine ambalo taurini haijathibitishwa kulitimiza.

Wasiokula kabisa vitu vitokanavyo na wanyama huwa na taurini kidogo zaidi kwenye damu, lakini hakuna ugonjwa wa upungufu unaojulikana kuwapata watu wazima wa namna hiyo. Hapa paka amechangia kuwachanganya watu. Katika miaka ya 1970 ilionekana kwamba paka anayelishwa chakula kisicho na taurini hupoteza uwezo wa kuona, na mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis wakaonyesha kwamba ukosefu huohuo hulegeza na kutanua moyo wake, na kwamba akirudishiwa taurini moyo hupona. Matangazo hupenda kukihamishia kisa hiki kwa binadamu bila kueleza kwamba ini la paka hutengeneza taurini kidogo mno, ilhali la binadamu hujitosheleza vya kutosha. Watoto wachanga, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, uwezo wao bado ni mdogo, na ndiyo maana maziwa mengi ya kopo ya watoto huongezewa taurini kiwandani. Hilo halimpi mzazi ruhusa ya kumpa mtoto kapsuli.

Mambo ambayo imeonyesha kusaidia

Ushahidi bora zaidi unahusu shinikizo la damu. Katika utafiti uliofanyika China na kuchapishwa mwaka 2016, watu 120 ambao shinikizo lao lilikuwa limepanda kidogo bila kufikia kiwango cha ugonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi wakapewa gramu 1.6 za taurini kila siku kwa wiki 12, na wengine wakapewa kitu kisicho na dawa ndani yake. Kwa waliopewa taurini, namba ya juu ilishuka kwa takribani 7 na ya chini kwa takribani 5 zilipopimwa kliniki, lakini kwa kifaa kinachovaliwa mwilini saa 24 tofauti ilikuwa ndogo zaidi, takribani 4 na 3.5. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliojumlisha majaribio 25 yenye washiriki zaidi ya 1000, ulipata wastani unaokaribiana na huo: namba ya juu hushuka kwa takribani 4 na ya chini kwa 1.5, sukari ya damu kabla ya kula hupungua kwa takribani milimoli 0.3 kwa lita, na mafuta ya trigliseridi kwa takribani milimoli 0.2.

Kushuka kwa namba 4 si jambo la kubeza kwa mtu aliye kwenye 132 kwa 84 ambaye daktari amemwambia asubiri na kubadili mwenendo wa maisha. Kwa mwenye 160 kwa 100 hakutoshi, na akiacha dawa alizoandikiwa ili ajaribu taurini anajiweka kwenye hatari ya kiharusi kwa ajili ya nafuu ambayo kwa wastani ni ndogo kuliko ile inayoletwa na vidonge vya kawaida vya shinikizo la damu. Inafaa pia kukumbuka kwamba kupunguza chumvi hadi chini ya gramu 5 kwa siku, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza, hakugharimu chochote, na ni hatua ya kutangulia kabla ya taurini.

Moyo ulioshindwa kusukuma damu ipasavyo ni suala la hospitali. Nchini Japani taurini imetumika kwa miongo kadhaa kama dawa ya ziada kwa wagonjwa wa aina hiyo, na mwaka 2019 iliidhinishwa huko kuzuia mashambulizi yanayofanana na kiharusi kwa wenye ugonjwa adimu wa kurithi uitwao MELAS, kwa dozi ya gramu 9 hadi 12 kwa siku. Dozi hizo hutolewa chini ya uangalizi wa madaktari na hazimhusu anayejinunulia mwenyewe.

Kwa wanamichezo, dozi moja kati ya gramu 1 na 6 kabla ya mazoezi imeonekana kuongeza kidogo ustahimilivu katika baadhi ya majaribio. Neno kidogo lichukuliwe kwa uzito wake, kwa sababu usingizi, wanga wa kutosha na mpango mzuri wa mazoezi hufanya zaidi.

Suala la kurefusha maisha

Wengi wanaoulizia taurini sasa wamevutwa na dai kwamba inachelewesha uzee, kwa hiyo ni vizuri kulifuata dai hilo tangu lilipoanza. Mwezi Juni 2023, jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Vijay Yadav, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Watafiti waliripoti kwamba taurini kwenye damu hupungua kadiri panya, nyani na binadamu wanavyozeeka, na kwamba panya wa umri wa kati waliopewa taurini kila siku waliishi muda mrefu zaidi kwa asilimia 10 hadi 12. Dozi ilikuwa takribani miligramu 1000 kwa kila kilo ya uzito wa panya, ambayo kwa hesabu za kubadilisha kutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu inalingana na gramu 3 hadi 6 kwa siku. Matokeo hayo yalikuwa makubwa, yalifanywa kwa uangalifu, lakini hakuna binadamu hata mmoja aliyepewa taurini katika kazi hiyo kuona kama angeishi zaidi.

Miaka miwili baadaye, mwezi Juni 2025, jarida lilelile lilichapisha kazi ya watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani. Hawa walitazama vipimo vya watu wa makundi matatu, pamoja na nyani na panya, na kwa sehemu kubwa wakapata kwamba taurini haipungui kwa umri: ama hubaki palepale ama huongezeka. Tofauti kati ya mtu na mtu zilikuwa kubwa kuliko tofauti iletwayo na miaka. Utafiti huu haukufuta yale yaliyowapata panya wa mwaka 2023, kwa sababu kitu kinaweza kuufaa mwili hata kama haukipungukiwi. Ulichoondoa ni ile hoja ya biashara kwamba kila mzee ana pengo linalohitaji kuzibwa. Anayekutaka ulipie kipimo cha taurini kwenye damu ili akwambie umri wako wa kibaiolojia anakuuzia namba ambayo daktari wako hawezi kuifanyia chochote.

Madhara, na watu wanaopaswa kujiepusha

Kwa mtu mzima mwenye afya, taurini ni miongoni mwa virutubisho-nyongeza vyenye rekodi nzuri ya usalama. Mapitio ya kitaalamu ya mwaka 2008 yaliweka gramu 3 kwa siku kuwa kiwango ambacho usalama wake una uthibitisho wa kutosha, na Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2012 kwamba hadi gramu 6 zimetumiwa bila madhara kuonekana. Majaribio mengi hata hivyo yalidumu wiki au miezi michache, kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama dhamana ya matumizi ya miaka kumi. Wanaopata usumbufu hutaja kichefuchefu, tumbo kuvurugika, kichwa kuuma na kizunguzungu, na mara nyingi hali hiyo hukoma wanapoacha.

Mwenye ugonjwa sugu wa figo anapaswa kukaa mbali nayo, maana taurini ya ziada hutolewa na figo. Wagonjwa wa kusafishwa damu waliopewa dozi kubwa katika utafiti mmoja walirundikiwa taurini mwilini na baadhi yao wakapata kizunguzungu. Anayetumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari anaweza kukuta vyote viwili vikisukuma upande mmoja, presha au sukari ikashuka kupita kiasi, hivyo aongee kwanza na daktari wake na apime mara kwa mara zaidi katika wiki za mwanzo. Anayetumia lithiamu kwa ajili ya maradhi ya akili asiongeze taurini bila ushauri, kwa sababu inahofiwa kubadili namna figo zinavyoitoa dawa hiyo, na lithiamu ikizidi kidogo tu huwa sumu.

Mwezi Mei 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani walichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayohusu saratani ya damu. Walionyesha kwamba seli za lukemia hufyonza taurini inayotengenezwa na seli za kawaida ndani ya uboho na kuitumia kujipatia nishati, na kwamba panya wenye lukemia waliopewa taurini ya ziada walizidiwa na ugonjwa haraka zaidi. Utafiti huo hausemi kwamba taurini huleta saratani kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa aliye na lukemia au maradhi mengine ya damu yanayoweza kugeuka lukemia, unatosha kumfanya aiache, na kama yumo kwenye matibabu, amweleze daktari wake kila kopo alilo nalo nyumbani, pamoja na vile vinywaji vya kuongeza nguvu.

Mjamzito na anayenyonyesha hawana utafiti wa kutosha wa kuwaongoza, kwa hiyo kwao chakula kinatosha. Mtoto na kijana aliye chini ya miaka 18 vilevile.

Vinywaji vya kuongeza nguvu

Taurini nyingi inayonywewa Afrika Mashariki haitoki kwenye kapsuli bali kwenye chupa na makopo ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Kopo la Red Bull la mililita 250, kwa mfano, lina miligramu 1000 za taurini, miligramu 80 za kafeini na gramu 27 za sukari. Anayetaka kufikia gramu 3 za taurini kwa njia hiyo atakunywa makopo matatu, na pamoja nayo gramu 81 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari iliyoongezwa isizidi takribani gramu 50 kwa siku na ikiwezekana ishuke hadi 25. Ufaransa ilizuia kinywaji hicho hadi mwaka 2008 kwa kuihofia taurini, na mwaka 2009 mamlaka ya Ulaya ikahitimisha kwamba taurini iliyomo humo haileti wasiwasi wa kiusalama. Mapigo ya moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na mikono kutetemeka baada ya makopo kadhaa huelezeka zaidi kwa kafeini. Kuchanganya vinywaji hivi na pombe ni hatari ya kivyake, kwa kuwa kafeini humfanya mlevi ajione mzima akaendelea kunywa au akashika usukani.

Kusoma lebo na kununua

Taurini inayofaa kwa jaribio la mtu binafsi ni ile iliyo peke yake. Makopo yaliyoandikwa kwamba ni mchanganyiko wa kuongeza nguvu kabla ya mazoezi huwa na kafeini na vitu vingine vingi, kiasi kwamba ukipata nafuu au madhara hutajua ni kipi kimeyaleta. Tazama kwanza kipimo cha sehemu moja ya matumizi: kopo linaweza kujinadi kwa miligramu 1500 kwa herufi kubwa, na kwa herufi ndogo likaeleza kwamba hizo ni za kapsuli tatu. Kumbuka miligramu 1000 ni gramu 1.

Unga safi huwa nafuu kwa gramu kuliko kapsuli, lakini kijiko cha jikoni si kipimo cha kuaminika, hivyo tumia kipimo cha plastiki kilichokuja na kopo au mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu. Kwa Waislamu na wasiokula nyama lipo suala jingine: taurini yenyewe ni ya kiwandani, lakini ganda la kapsuli mara nyingi ni jelatini ya ng'ombe au ya nguruwe. Tafuta alama ya halali, au kapsuli za mimea, au nunua unga na tatizo liishie hapo.

Nchini Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Nchini Kenya utakutana na KEBS kwa viwango na Bodi ya Dawa na Sumu kwa dawa. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi liachwe rafuni, na linalodai kutibu kisukari, saratani au ugumba liachwe haraka zaidi. Mwanamichezo anayepimwa dawa zilizokatazwa ajue kwamba taurini haimo kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ila unga wowote unaweza kuwa umechanganyika na vitu vilivyomo. Kwake alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport, inayoonyesha kwamba bidhaa imepimwa kutafuta vitu hivyo, inastahili bei yake.

Kufanya jaribio lako

Tuchukue mtu mwenye shinikizo lililopanda kidogo, asiye na ugonjwa wa figo na asiyetumia dawa, ambaye daktari wake hana pingamizi. Kabla ya kumeza chochote, apime kwa siku saba mfululizo, asubuhi na jioni, kwa mashine ya mkononi inayofungwa juu ya kiwiko. Akae kwanza dakika tano akiwa ameegemea, miguu iguse sakafu, mkono uwe usawa wa moyo, asiwe ametoka kunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya mazoezi, kisha apime mara mbili kwa kuachia dakika moja. Namba za siku ya kwanza azitupe na zinazobaki atafute wastani wake. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na bila hiyo yote yanayofuata ni kubahatisha.

Baada ya hapo aanze na miligramu 500 kwa siku kwa wiki moja ili aone kama tumbo linaikubali, kisha apande hadi takribani gramu 1.5, akigawa mara mbili au tatu kwa sababu taurini hupanda kwenye damu ndani ya saa moja na nusu hivi na kushuka upesi. Inaweza kunywewa kabla au baada ya chakula. Mwenye tumbo jepesi aifuatishe na chakula. Sioni sababu ya mtu wa kawaida kuvuka gramu 3. Katika kipindi hicho asibadilishe mambo mengine kwa makusudi, kwa maana akipunguza chumvi na kuanza kukimbia wiki ileile hatajua nini kimesaidia, na ikibidi achague, basi aanze na chumvi na mazoezi, taurini isubiri.

Wiki ya 12 arudie vipimo vya siku saba kwa utaratibu uleule. Kama wastani wa namba ya juu umeshuka kwa 4 au zaidi, aache taurini kwa wiki nne na kupima tena, kwa kuwa shinikizo hupanda na kushuka lenyewe kwa misimu, usingizi na mawazo. Likipanda tena baada ya kuacha, ana hoja ya kumpelekea daktari wake kuhusu kuendelea. Kama halikushuka, unga uliobaki usimfanye aendelee kwa sababu tu ameshaulipia. Na kama wakati wowote atapata kizunguzungu anaposimama, mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, vipele au uvimbe wa uso, aache siku hiyohiyo, aende kituo cha afya, na abebe kopo lenyewe pamoja na daftari la vipimo, kwa sababu mhudumu atahitaji kusoma kila kilichoandikwa kwenye lebo.